Sementi Inayoshika Jino: Kuziba Meno Ngara na Biharamulo

Tundu la jino huzibwa kwa njia mbili. Ama jino lichongwe hadi tundu liwe pana chini na jembamba mdomoni, ili dawa ikishaganda isichomoke. Ama dawa yenyewe ishikane na jino. Njia ya kwanza inataka mashine ya kuchongea, na mashine inataka umeme na hewa iliyogandamizwa. Njia ya pili, dawa inayofaa ikipatikana, hufanyika kwa mkono kwenye benchi la zahanati. Kwa wilaya za Ngara na Biharamulo, pembezoni mwa Mkoa wa Kagera, tofauti hiyo ndiyo iliyoamua kama jino litazibwa au litang'olewa.

Kwa karne nzima dawa iliyotawala duniani ilikuwa amalgamu. Kanuni yake wanaijua wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Biharamulo: zebaki hukamata dhahabu kwenye karai na kufanya donge, na vivyo hivyo ikichanganywa na unga wa fedha, bati na shaba hufanya uji unaoganda kuwa mgumu. Lakini uji huo haushikani na jino. Hukaa kwa sababu umebanwa. Ndiyo maana tundu lilichongwa ili kuubana, na G. V. Black, daktari wa meno wa Kimarekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1908 kilisomwa katika vyuo vingi, alifundisha kulipanua zaidi hadi kuingia kwenye sehemu nzima za jino, ili uozo usirudi kandokando. Sehemu kubwa ya jino lenye afya ilipotea kwa kuipa dawa mahali pa kushikilia na kwa kuzuia uozo.

Tanganyika ya kikoloni ilikuwa na madaktari wa meno wachache, na wengi wao walikaa mijini. Upande huu wa magharibi, tiba ilitegemea sana hospitali za misheni, kama Murgwanza ya Waanglikana na Rulenge ya Wakatoliki. Baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970, zahanati zilienea vijijini, ila kiti cha meno chenye mashine hakikufuata. Mgonjwa aliyefika na jino linalouma alipata dawa ya maumivu au koleo. Kung'oa si tiba mbaya pale jino linapokuwa limekwisha. Ubaya ni kwamba mtoto mwenye kitundu kidogo hakuwa na pa kukipeleka, akasubiri mpaka kikawa kikubwa.

Utafiti wa kuifanya dawa ishikane na jino ulikuwa ukiendelea mbali na huku. Mwaka 1955 Michael Buonocore, wa Rochester nchini Marekani, alionyesha kuwa enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, ikipakwa tindikali ya fosfori kwa nusu dakika, kisha ikaoshwa na kukaushwa, plastiki ya kuzibia hung'ang'ania vizuri zaidi kuliko kwenye enameli isiyoguswa. Enameli ni madini kwa takribani asilimia 96 ya uzito wake. Tindikali huila kwa namna isiyo sawa na kuacha vishimo visivyoonekana kwa macho. Plastiki ikiwa majimaji huingia humo na kuganda ndani yake. Dentini iliyo chini ya enameli ilisumbua zaidi, kwa kuwa ina maji na nyuzi za kolajeni, nayo plastiki haipatani na maji. Mwaka 1982 Nobuo Nakabayashi wa Japani alieleza jinsi plastiki inavyoweza kupenya kati ya nyuzi hizo na kufanya tabaka moja ambamo jino na dawa vimechanganyika. Dawa nyingi za aina hiyo huhitaji taa ya mwanga wa bluu ili zigande, na jino lazima likae mbali na mate muda wote. Mahali pasipo na umeme wala mashine ya kufyonza mate, masharti hayo hayatimiziki.

Iliyofika vijijini ilitoka kwenye ukoo mwingine wa dawa. Mwaka 1968 Dennis Smith, akiwa Manchester, alitangaza sementi ya polikaboksileti. Miaka minne baadaye Alan Wilson na Brian Kent, wanakemia wa maabara ya serikali mjini London, walichapisha habari za sementi ya ionoma ya kioo. Hii ni unga wa kioo chenye kalsiamu, alumini na floraidi, unaokorogwa na tindikali ya poliakiriliki. Tindikali huyeyusha sehemu ya kioo, mchanganyiko ukaganda wenyewe bila taa. Na wakati huohuo minyororo ya tindikali hujifunga kwenye kalsiamu ya jino. Kushikana huku ni kwa kikemia, na hakuhitaji jino likauke kabisa. Sementi hiyo pia hutoa floraidi kidogo kidogo. Udhaifu wake ni kwamba huvunjika na kulika mapema kuliko plastiki.

Hatua iliyofuata ilipigwa Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha madaktari wa meno Muhimbili mwaka 1979, na katikati ya miaka ya 1980 mpango wake wa afya ya kinywa vijijini, uliomjumuisha Mholanzi Jo Frencken, ulijaribu kuacha mashine kabisa: kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa sementi inayojishika. Walianza na polikaboksileti; ionoma ya kioo ikaja kuchukua nafasi yake. Njia hiyo leo inajulikana duniani kote kwa kifupi cha ART (kwa Kiingereza, Atraumatic Restorative Treatment), na inastahili kukumbukwa kuwa ilizaliwa nchi hii, kwa sababu ya upungufu wa nchi hii.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Pamba huwekwa pande mbili za jino kunyonya mate. Mdomo wa tundu hupanuliwa kidogo kwa kifaa chenye makali, kisha uozo laini hutolewa kwa kifaa chenye ncha ya kijiko. Dentini ngumu huachwa. Mara nyingi ganzi haihitajiki. Tundu hupakwa tindikali hafifu ya poliakiriliki kwa sekunde 10 hadi 15 kuondoa vumbi la kukwangua, likapanguswa kwa vidonge vya pamba yenye maji na kisha pamba kavu, bila kukaushwa kupita kiasi. Unga na maji yake hukorogwa kwa chini ya nusu dakika na kuingizwa tunduni wakati bado vinang'aa. Mng'ao ukipotea, tindikali iliyobaki haitoshi kushika jino, na mchanganyiko huo hutupwa. Mwisho tabibu hupaka vaselini kwenye glovu na kuikandamiza sementi kwa kidole, ili ijae hadi kwenye mifereji ya jino. Mgonjwa hatafuni kwa muda wa saa moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitangaza ART Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, likiwalenga watu wasiofikiwa na kliniki za umeme. Siku hizohizo mauaji ya kimbari yalikuwa yameanza Rwanda, na tarehe 28 na 29 Aprili watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Kambi yao ya Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Katika umati ule maji, kipindupindu na kuhara vilitangulia kushughulikiwa, kama ilivyopasa. Lakini wilaya ilikuwa imepata ghafla wakazi wa aina ileile ambayo njia hiyo ilitungwa kwa ajili yao. Dawa yenyewe nayo iliboreshwa: katikati ya miaka ya 1990 viwanda vya Japani na Ujerumani vilitoa ionoma nzito zaidi zilizokusudiwa ART, na katika matundu ya upande mmoja wa jino zikadumu vizuri. Katika yale yanayokula pande mbili bado hushindwa mapema.

Kung'oa hakukukoma. Bridge2Aid, shirika lililoanzishwa mwaka 2002 na kuweka kituo Mwanza, lilijikita katika kuwafundisha matabibu wa vijijini wa Kanda ya Ziwa kung'oa kwa usalama, kwa sababu hata huduma hiyo haikuwa imewafikia wengi. Kuziba kunadai kitu kingine zaidi ya ujuzi: sementi inayofika kwa mpangilio na kopo linalofungwa vizuri, kwani unga ukinyonya unyevu huharibika. WHO iliiingiza ionoma ya kioo katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata zikakubaliana kuzuia, au angalau kutopendekeza, kuwazibia kwa amalgamu watoto wa chini ya miaka 15 na wanawake wajawazito au wanaonyonyesha, isipokuwa daktari wa meno akiona ni lazima.

Umeme nao umefika. Majenereta ya ORIO, mpango wa msaada wa Uholanzi, yalifungwa Ngara na Biharamulo katika miaka ya 2010, kisha mitambo ya megawati 80 ya maporomoko ya Rusumo, ambayo Tanzania inagawana na Rwanda na Burundi, ikaanza kuzalisha mwaka 2023 na kuungwa kwa laini ya kilovolti 220 hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Taa ya bluu sasa inaweza kuwaka katika hospitali za wilaya hizi, na jino la mbele la mtu mzima likapata plastiki inayolingana nalo kwa rangi. Kwa mtoto wa shule aliye mbali na barabara, mwenye mate mengi na uvumilivu mdogo, sementi inayokorogwa kwa mkono ndiyo inayomfaa zaidi.