Ufuatiliaji wa limfoma kwa picha

Ufuatiliaji wa limfoma kwa picha ni uchunguzi wa eksirei, ultrasaundi, CT au PET kwa mtu aliyemaliza tiba ya saratani ya mfumo wa limfu. Wagonjwa wa Shinyanga na Geita hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia Kanda ya Ziwa.

Vipimo
Ultrasaundi haina mionzi na gharama yake ni nafuu. Huonyesha ini, wengu, figo na tezi za limfu za tumboni. Huwafaa sana watoto wenye limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya au tumbo, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Uganda mwaka 1958. CT hupima ukubwa wa tezi: kwa vigezo vya Lugano vya mwaka 2014, tezi yenye urefu usiozidi sentimita 1.5 huhesabiwa kuwa ya kawaida. PET huonyesha kama uvimbe uliobaki ni kovu au bado una uhai, kwa kufuata sukari yenye florini-18. Majibu hupewa alama 1 hadi 5 kwenye kipimo cha Deauville. Florini-18 hupungua nusu kila dakika 110, hivyo haivumilii safari ndefu ya barabara.

Ratiba
PET ya kuhitimisha tiba hufanywa wiki 6 hadi 8 baada ya kemo, au takriban miezi 3 baada ya mionzi. Aliyepona na asiye na dalili hahitaji CT ya kila mara. Mara nyingi ugonjwa unaporudi hujulikana kwa homa, kukonda, jasho la usiku au tezi mpya. Burkitt ikirudi, kwa kawaida hurudi ndani ya mwaka wa kwanza.

Usomaji wa picha
Katika ukanda wa migodi wa Geita na Shinyanga, kifua kikuu na vumbi la mwamba huweza kuvimbisha tezi za kifua na kuzifanya zing'ae kwenye PET. Kichocho na malaria hukuza wengu. VVU huvimbisha tezi. Kwa hiyo tezi yenye shaka hukatwa kipande na kupimwa kabla ya kuanza tiba upya. Picha ya zamani nayo ina thamani: kovu lisilobadilika huonekana kwa kulinganisha tu. Mchimbaji mdogo anayehama akifuata rashi, yaani machimbo mapya, hushauriwa kusafiri na picha zake.