Mfupa, Wanga na Sumu: Zana za Kale Kuanzia Ziwa Nyasa hadi Jambiani

Mpaka wa Ruvuma uliwekwa na Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Kabla ya hapo, ukanda wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi na Liuli, kupita Mbamba Bay, hadi Niassa ambayo leo iko Msumbiji, ulikuwa mwambao mmoja. Anayetaka kujua watu wa kale wa upande huu wa Mbinga walikula nini na waliwinda vipi, hana budi kuuvuka mpaka huo.

Ng'ambo ya pili, katika pango la Ngalue, Julio Mercader wa Chuo Kikuu cha Calgary alikuta zana za mawe zilizozikwa ardhini kwa makumi ya maelfu ya miaka, nyingine kwa zaidi ya miaka 100,000. Umbo la zana halikumwambia mengi. Kilichosema ni vumbi lililonasa kwenye nyufa zake. Chini ya hadubini yenye mwanga maalumu, chembe ya wanga hung'aa na kuonyesha msalaba mweusi katikati, na umbo lake huweza kutaja mmea ilikotoka. Nyingi za Ngalue zilikuwa za jamii ya mtama pori. Mwaka 2009 Mercader alichapisha matokeo hayo katika jarida la Science, na mjadala ukawaka: je, watu walikula punje hizo, au nyasi ziliingizwa pangoni kwa matandiko na kuwashia moto? Ni swali la haki. Hata hivyo, kwa vyovyote vile, mkono wa mtu ulizishika nyasi hizo kandokando ya ziwa letu, maelfu ya miaka kabla ya shamba la kwanza kulimwa.

Mbali na vumbi, zana hubeba mikwaruzo na mng'ao, na kazi ya kusoma alama hizo za matumizi ilipata msingi wake kwa Sergei Semenov wa Leningrad, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1957. Alitengeneza zana mpya kwa kufuata za kale, akazitumia kukata, kukwangua na kutoboa, kisha akalinganisha mikwaruzo. Mfupa unaotoboa ngozi mara kwa mara hulainika na kung'aa nchani, na mistari myembamba huonyesha kama ulikuwa ukizungushwa au ukisukumwa moja kwa moja. Simbi iliyovaliwa shingoni hulika ukingo wa tundu, pale uzi ulipokuwa ukisugua. Jicho tupu halioni hayo.

Mfupa wenyewe una historia ndefu kwetu. Mwaka 2025 watafiti wa Olduvai walitangaza zana 27 zilizochongwa kwa mifupa ya wanyama wakubwa, wakiwemo tembo na viboko, zenye umri wa miaka milioni 1.5. Katanda, kando ya mto Semliki mashariki mwa Kongo, zilipatikana ncha za mfupa zenye meno, mfano wa chusa, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa. John Yellen na Alison Brooks walizikadiria miaka 90,000 hivi, umri uliobishaniwa sana. Katika pango la Panga ya Saidi, Kenya, simbi ya baharini iliyogeuzwa ushanga ina zaidi ya miaka 60,000.

Lakini mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Kuumbi, pango la mawe ya matumbawe karibu na Jambiani, Unguja. Michelle Langley na wenzake walichunguza vifaa saba vya mfupa vya miaka 13,000 hivi: ncha tano, kitobozi, na kipande cha bomba chenye pengo. Zama hizo Unguja ilikuwa bado imeshikana na bara, na pundamilia na nyati walikuwepo. Ncha zile ni nyembamba mno kumwangusha nyati kwa jeraha peke yake. Watafiti wakapendekeza kwamba zilibeba sumu.

Hapa Ziwa Nyasa linarudi. Mwaka 1859 msafara wa David Livingstone ulifika ziwani, na daktari wake John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alikusanya kombe, sumu ya mishale iliyotumika katika bonde la Shire, kusini mwa ziwa. Mswaki wake uligusana mfukoni na sampuli hiyo. Alipopiga mswaki alisikia uchungu, na mapigo ya moyo yakapungua. Masalia yasiyoonekana kwa macho yalitosha. Kutokana na mmea uliotoa sumu hiyo, Thomas Fraser wa Edinburgh alipata strofanthini, dawa ya moyo.

Upande wa Mbinga, adui mkubwa wa utafiti wa mfupa ni udongo. Ule wenye asidi, wa kawaida kwenye misitu ya miombo, huumaliza mfupa, ilhali chokaa ya Kuumbi huuhifadhi. Jiwe hudumu, na wanga hunasa kwenye nyufa zake, ila nao una mtego wake. Alison Crowther na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba unga wa glavu na vumbi la maabara huweza kuingiza wanga wa leo kwenye kitu cha kale. Kwa hiyo zana ikipatikana isioshwe wala kusuguliwa kwa brashi. Ifungwe na udongo wake, na udongo wa kando uchukuliwe kivyake: wanga ukiwa mwingi kwenye makali na haba kwenye udongo huo, hapo ndipo pana hoja ya kusema zana ilitumika.