Habari za Mji wa Sabbioneta na Mjenzi Wake

Kaskazini mwa Italia, baina ya Mantova na Parma, iko nchi tambarare inyweshwayo na mto Po, nchi ya mashamba, mifereji na ukungu mzito wa majira ya baridi. Katika uwanda huo umesimama mji mdogo uitwao Sabbioneta, ambao jina lake latokana na mchanga. Kuta zake zimeuzunguka kwa umbo la nyota yenye pembe sita, na ndani ya kuta hizo mna majumba ya utawala, makanisa, sinagogi, ukumbi wa michezo ya kuigiza na njia zilizopimwa kwa kamba. Miji mingi ya kale ilikua kama mti ukuavyo, tawi baada ya tawi, kwa haja za biashara, ibada na vita. Sabbioneta ulitoka katika kichwa cha mtu mmoja, Vespasiano Gonzaga, ukajengwa karibu wote katika maisha yake mwenyewe, tangu miaka ya 1550 hata kufa kwake mwaka 1591.

Jamaa wa Gonzaga hawakuwa watawala tangu asili. Walikuwa wenye ardhi katika wilaya ya Mantova, na mwezi wa Agosti 1328 mkubwa wao, Luigi, aliwapindua jamaa wa Bonacolsi waliokuwa wakiutawala mji huo, akaketi mahali pao. Aliyekalia kiti cha kunyang'anya huona haja ya kukipamba, na vizazi vilivyofuata vilifanya bidii hiyo bila kuchoka: mwaka 1433 wakapata cheo cha markizi, na mwaka 1530 cha duki, vyote kwa mkono wa Kaizari wa Dola Takatifu ya Kirumi. Walisifika kwa farasi wao, kwa ndoa zao zilizopangwa kwa hesabu, na kwa kuuza upanga wao. Maana mabwana wengi wa Italia wa zama hizo walikodiwa na wafalme wakubwa, na ujira wa vita ndio uliolipa gharama za majumba na wachoraji.

Lakini mali igawanywayo hupungua. Ludovico, markizi wa pili wa Mantova, alipofariki mwaka 1478, nchi yake iligawanywa baina ya wanawe. Tawi moja dogo la ukoo likaangukia Bozzolo na Sabbioneta, likawa na damu ya watawala wakubwa na nchi ya watawala wadogo. Katika tawi hilo ndimo alimozaliwa Vespasiano, tarehe 6 Desemba 1531, si Sabbioneta bali Fondi, kusini, katika milki ya jamaa za mama yake, Isabella Colonna. Baba yake, Luigi aliyepewa lakabu ya Rodomonte kwa ushujaa wake, alikufa kwa jeraha la risasi mwaka uliofuata, hata mtoto hakumjua. Mama akaolewa tena. Malezi ya yatima huyo yakawa juu ya shangazi yake Giulia Gonzaga, ambaye kwa upande wa pili alikuwa mjane wa babu yake mzaa mama. Ndivyo ndoa za watu hao zilivyokuwa zimefumana. Giulia alisifiwa Italia nzima kwa uzuri na elimu yake, na mwaka 1534 amiri wa majahazi ya Uturuki, Hayreddin Barbarossa, aliushambulia mji wa Fondi usiku ili amteke. Aliponea chupuchupu. Mtoto aliyelelewa katika nyumba yenye kumbukumbu kama hiyo hakuhitaji kufundishwa faida ya ukuta imara.

Mwaka 1540 babu yake mzaa baba alifariki, na Vespasiano, umri wake bado miaka tisa haijatimia, akawa bwana wa Sabbioneta. Punde akapelekwa Hispania kuhudumu katika nyumba ya mwana wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Felipe wa Pili. Urafiki huo ulidumu maisha yao yote, na ndio uliokuwa msingi wa utajiri na vyeo vyake. Humo alijifunza vita, hisabati, na elimu ya majenzi ya ngome, ambayo kwa wakati huo ilikuwa elimu mpya kabisa.

Upya wa elimu hiyo wataka kuelezwa. Zamani ukuta mrefu na mwembamba ulitosha kumzuia adui mwenye ngazi na mishale. Walakini mwaka 1494 Mfalme Charles wa Nane wa Ufaransa alishuka Italia na mizinga ya shaba iliyorusha risasi za chuma, na kuta zilizosimama karne nyingi zikavunjwa kwa muda wa saa chache. Wajenzi wa Kiitalia wakatafuta dawa. Wakaufanya ukuta kuwa mfupi na mnene, wakaushindilia udongo ndani ili umeze nguvu ya risasi, wakachimba handaki mbele yake, na katika kila kona wakatokeza buruji yenye pembe kali, ili walinzi wa buruji moja waweze kuufagia kwa risasi uso wa buruji ya pili, pasibakie mahali ambapo adui angejificha. Umbo la nyota, ambalo mtazamaji wa leo huliona kama pambo, lilitokana na mistari ya risasi. Elimu hiyo ilisafiri mbali pamoja na wafalme walioilipia. Mwaka 1593, miaka miwili baada ya kufa kwa Vespasiano, Wareno waliokuwa chini ya Felipe huyo huyo walianza kujenga ngome ya Mombasa kwa ramani ya Mwitalia wa Milano, Giovanni Battista Cairati, na buruji yake mojawapo ikaitwa São Filipe. Atazamaye pembe za ngome ile juu ya matumbawe na pembe za Sabbioneta juu ya matope ya Po atatambua kwamba mafundi wao walisoma chuo kimoja.

Vespasiano alipoanza kuujenga mji wake upya, aliukuta na boma la wazee wake na nyumba chache. Akaweka kuta, akaweka malango mawili, moja akaliita la Ushindi na la pili la Kaizari. Njia kuu inayoyaunganisha malango hayo haikunyoka moja kwa moja, kwani imepindwa kusudi penye miisho yake, ili adui aingiaye asione mbele yake wala asipate njia nyoofu ya kurushia risasi. Wengi huusifu mji huu kwa ulinganifu wake, hali ujanja wake mkubwa umo katika mahali ulinganifu ulipovunjwa.

Kuta peke yake si mji, na hapo ndipo Vespasiano alipoonja taabu ya kazi aliyojitwika. Wenye mashamba wa kando kando waliamriwa wahamie ndani ya kuta, wakatishiwa adhabu wasipotii. Mji wa fahari ulijazwa watu kwa amri. Pamoja na hayo wako waliokuja kwa sababu walipata humo kitu walichokosa kwingine. Mwaka 1551 Myahudi Tobia Foa alianzisha kiwanda cha kupiga chapa vitabu vya Kiebrania, kikafanya kazi hata mwaka 1559, miaka ile ile ambayo katika miji mingine ya Italia nakala za Talmudi zilikuwa zikichomwa hadharani, kuanzia Roma mwaka 1553. Vitabu vya Sabbioneta vilisifika kwa uzuri wa herufi zake. Mwaka 1562 akaja pia Mario Nizolio, mwanachuoni mashuhuri wa Kilatini, kufundisha katika shule aliyoifungua bwana wa mji. Shule na kiwanda hicho vyastahili sifa kuliko malango yote mawili. Lakini malango ndiyo yaliyobaki, na macho ya wageni hufuata kilichobaki.

Sehemu kubwa ya kazi ya ujenzi ilifanyika mwenyewe akiwa mbali. Kwa muda wa miaka kama 10, hata 1578, Vespasiano alikuwa katika utumishi wa Felipe, akawa makamu wa mfalme katika Navarra na kisha Valencia. Alishughulikia ngome ya Pamplona na kuta za Peñíscola, na mwaka 1574 alipelekwa Afrika ya Kaskazini kukagua ngome za Oran. Mwaka 1577 Kaizari Rudolf wa Pili akampa cheo cha duki. Basi mtu aliyerudi Sabbioneta mwaka 1578 alikuwa na kila kitu ambacho mtawala mdogo angeweza kukitamani: cheo, mali, mji ulio karibu kwisha, na mwana mmoja wa kiume wa kumrithi.

Habari za nyumba yake hazikulingana na habari za cheo chake. Mke wake wa kwanza, Diana di Cardona, alikufa mwaka 1559, na uvumi ulienea kwamba alilazimishwa kunywa sumu kwa kosa la kumkosea uaminifu mumewe. Mke wa pili, Anna d'Aragona, alimzalia binti pacha na mtoto wa kiume, Luigi, kisha akafa mwaka 1567. Luigi naye alifariki mwaka 1580, bado kijana wa miaka 14 hivi. Hadithi iliyosimuliwa tangu zamani ni kwamba kijana alikutana na baba yake njiani akashindwa kumpa heshima ipasavyo, na baba kwa hasira akampiga teke ambalo lilimletea mauti. Ushahidi wake ni dhaifu, na mwanahistoria hana ruhusa ya kumhukumu mtu kwa maneno ya barazani. Hata hivyo uvumi una thamani yake, maana huonyesha jinsi raia walivyomfahamu bwana wao. Watu wa mji huo hawakuona ajabu kwamba Vespasiano angeweza kumwua mkewe na mwanawe kwa ajili ya heshima yake. Na hofu ya namna hiyo ilijengwa pamoja na kuta.

Lenye kustaajabisha zaidi ni tarehe. Ukumbi mrefu wa picha, wenye urefu wa karibu mita 97, ambamo aliweka masanamu yake ya kale ya Kigiriki na Kirumi, ulijengwa baada ya mwaka 1580. Kanisa la Incoronata, lenye pande nane, alimokusudia azikwe, vile vile. Ukumbi wa michezo uliojengwa na Vincenzo Scamozzi ulianzishwa mwaka 1588 ukafunguliwa mwaka 1590. Mwaka 1582 duki alioa mara ya tatu, akamwoa Margherita Gonzaga wa tawi la Guastalla, bila shaka kwa tumaini la mrithi, wala mrithi hakuja. Maana yake ni kwamba majengo mazuri kupita yote katika Sabbioneta yaliinuliwa na mzee aliyejua, kila mwaka kwa yakini zaidi, kwamba hana wa kumwachia. Wengine wangeacha kujenga. Yeye alizidisha.

Ukumbi wa Scamozzi watosha kuonyesha aliyokuwa akiyawaza. Ni katika majengo ya kwanza kabisa ya Ulaya ya zama hizo kujengwa peke yake, tangu msingi, kwa ajili ya michezo ya kuigiza, badala ya kutengwa chumba ndani ya jumba jingine. Juu ya viti vya duki na watu wake imepangwa safu ya nguzo, na juu ya nguzo wamesimama miungu ya Wagiriki. Ukutani zimechorwa sura za makaizari wa Roma. Nje yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba ukubwa wa Roma hufundishwa na magofu yake yenyewe. Mtu aliyebeba jina la kaizari wa kale, na hakuwa na mwana, hakuyachagua maneno hayo kwa ajili ya Roma peke yake.

Michezo ya mwaka 1590 ilikuwa karibu ya mwisho kwake. Alikuwa akiteswa na maumivu makali ya kichwa, hata waganga wakamtoboa fuvu. Alifariki mwezi wa Februari 1591.

Yaliyofuata hayataki maneno mengi. Binti yake Isabella alikuwa ameolewa na Luigi Carafa wa Stigliano, bwana wa upande wa Napoli, na jamaa wa Gonzaga walimgombea urithi huo. Baraza la duki likatawanyika, na mafundi waliokuwa wakiishi kwa mshahara wake wakatafuta kazi kwingine. Tawi la Mantova lililotangulia lilizimika mwaka 1627, na miaka mitatu baadaye mji wa Mantova wenyewe ukatekwa na kuporwa. Tawi la Guastalla likaisha mwaka 1746. Chini ya utawala wa Austria masanamu ya ukumbi mrefu yalichukuliwa Mantova, na mwisho wa karne ya 18 boma la kale likabomolewa. Maandamano ya masanamu ya mbao ya mababu wa Gonzaga juu ya farasi, yaliyopangwa katika jumba la duki kana kwamba ukoo mzima wapita mbele ya mgeni, yaliungua, wakabaki wapanda farasi wanne. Ukumbi wa Scamozzi ukatumiwa kuwa kambi ya askari, ghala, na katika karne ya 20 hata nyumba ya sinema.

Kuta zilipona. Bologna ulianza kuzibomoa kuta zake mwaka 1902 ili kupata nafasi ya barabara na nyumba mpya, na miji mingi iliyostawi ilifanya hivyo hivyo. Sabbioneta haukuwa na ustawi wa kuudai nafasi. Wakulima waliendelea kuishi nyuma ya buruji zilizojengwa kwa ajili ya majeshi, Wayahudi wa mji wakajenga sinagogi jipya mwaka 1824, na njia zilizochorwa na duki zikapitwa na mikokoteni ya nyasi. Wale ambao wazee wao waliletwa kwa amri ndio waliobaki kuutunza mji, hali nasaba iliyowaamuru ilikuwa imekwisha. Mwaka 2008 Sabbioneta na Mantova viliandikwa pamoja katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Vespasiano amelala katika Incoronata, chini ya sanamu ya shaba iliyofanywa na Leone Leoni, ameketi amevaa kama Mrumi, mkono umenyoshwa. Kaburi lilipofunguliwa mwaka 1988 fuvu lilikutwa na alama za kutobolewa, na pamoja na mifupa ilipatikana nishani ya Ngozi ya Dhahabu ambayo Felipe alimpa mwaka 1585: kondoo mdogo wa dhahabu, wa kuning'inizwa shingoni, ambaye sasa amewekwa katika jumba la makumbusho la mji.