Corolla ya mkono, Ist ya oto na Voltz ya Marekani: ukitaka kagari kadogo ka klachi soma hapa kwanza

Leo siasa naziweka pembeni kidogo. Tangu lile tukio la mayai ya mjomba nimeulizwa maswali mengi ya gia mpaka nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja kijiweni, bora niyaandike yote hapa. Mtu akiuliza namwambia nenda kasome.

Kwa wasiolijua tukio lenyewe ni hivi. Mjomba wangu anafuga kuku hapa Mapinga na ana Corolla 100, ile AE100 yenye injini ya 5A. Ndiyo inayopeleka trei za mayai Bunju na Tegeta. Ilikuja na gia za oto. Siku moja giaboksi ikafa, ukiweka D gari inaunguruma tu haiendi popote. Fundi wa gereji moja (sitaitaja) akamwambia, "Mzee wangu, oto ni ugonjwa, ngoja nikufungie ya mkono, utanishukuru." Mjomba akauza kuku waliochoka kutaga, hela ikapatikana, akafungiwa. Wiki ya pili binamu yangu wa miaka 14 akaingiza mkono dirishani azungushe ufunguo asikilize redio. Akapitiliza mpaka stata. Gari ilikuwa imeegeshwa ndani ya gia namba 1... ikaruka mbele, ikapita juu ya trei 11 na kuangusha ukuta wa banda. Trei moja ni mayai 30, piga hesabu mwenyewe. Na pale kwenye ukuta alikuwa anacheza mtoto wa jirani, dakika chache tu nyuma mama yake alikuwa amemwita akanywe uji.

Kwa nini iliruka nitasema huko mbele. Kwanza tujue hizi gia za mkono zilitoka wapi na zimeenda wapi, maana vijana wengi siku hizi wanadhani Toyota hakuwahi kutengeneza gari ndogo ya klachi.

Zamani mkono ndio ulikuwa kitu cha kawaida na oto ndiyo ya kuongezea hela. Hata kwa Wamarekani, watu tunaodhani wamezaliwa ndani ya oto. Ford Falcon, gari yao ndogo ya mwaka 1960 (ndogo kwa macho yao, kwetu ni jahazi), ilitoka kiwandani na gia 3 za mkono, na fimbo ya gia ilikuwa kwenye nguzo ya usukani. Ukitaka oto unaongeza pesa, na unapewa oto yenyewe ya gia 2 tu! Wazee wetu hiyo fimbo ya kwenye usukani wanaijua kupitia Peugeot 404, ambayo ilikuwa na gia 4 za mbele. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1966, 1967 na 1968, enzi hizo mashindano yakipita na Tanzania. Volkswagen Beetle gia 4, Datsun 120Y gia 4, Ford Escort gia 4. Hakuna aliyekuwa anauliza "ni mkono au oto", ungeonekana umetoka mwezini.

Halafu ikaja Corolla KE70, ya kuanzia mwaka 1979. Injini yake ya 4K ina sisi 1290, na giaboksi ni K40 ya gia 4 au K50 ya gia 5. Hii inasukuma kwa matairi ya nyuma, kwa hiyo giaboksi imekaa nyuma ya injini kwa urefu na propela inaenda mpaka kwenye difu. Mafundi wa zamani wanaipenda kwa sababu kubadilisha klachi unafungua propela, unashusha giaboksi, basi. Mwaka 1983 Toyota walipotoa Corolla ya E80, ile ya milango 4 ikahamia kuvuta kwa matairi ya mbele. Hapo giaboksi na difu vikawa kitu kimoja kilichokaa pembeni ya injini, na kazi ya klachi ikawa ndefu, lazima uchomoe shafti za matairi.

Sasa tuje kwenye Corolla 100 ya mwaka 1991 na 110 ya mwaka 1995, ndizo zilizotujaza. Hizi zilitoka na gia za mkono pia, wala si kwa kubahatisha. Kwenye AE100 giaboksi ya mkono inaitwa C50, gia 5. Namba 1 yake ya kawaida ni 3.545, maana yake injini inazunguka mara tatu na nusu kabla nguvu haijafika kwenye difu, ndiyo inayokutoa kwenye mchanga wa huku kwetu ukiwa na mzigo. Namba 5 ni 0.815, injini inazunguka pole kuliko shafti, hiyo ni ya barabara ya lami Kerege kwenda Zinga. Oto zake nazo ni za aina mbili, kuna ya gia 3 inaitwa A132L na kuna za gia 4 kama A245E. Hiyo E ya mwisho inamaanisha inaongozwa na kompyuta. Ishike hiyo, itakuja kutusaidia.

Kama zilitengenezwa za mkono, mbona hatuzioni? Jibu liko Japani. Sisi tunanunua gari walizotumia wao, na wao walishahamia oto. Mwaka huohuo wa 1991 Japani walianzisha leseni ya oto peke yake, mtu anafanya mtihani bila kugusa klachi na anapewa leseni yenye sharti hilo. Kwa hiyo mitumba inayoshuka bandarini imefuata mguu wa Mjapani, mguu wa kushoto haufanyi kazi. Ndiyo maana Corolla ya klachi ukiipata leo mara nyingi ni ile iliyokuja mpya kwa ajili ya Afrika, au ni gari ya kazi.

Na hapo kwenye gari za kazi ndipo pa kutazama wadau. Toyota Probox ilitoka mwaka 2002 ikichukua nafasi ya Corolla van, na ilikuwa inauzwa Japani na gia 5 za mkono mpaka ilipofanyiwa mabadiliko mwaka 2014, ndipo mkono ukaondolewa. Kwa hiyo Probox ya kabla ya 2014 ya klachi ipo, ni suala la kuitafuta. Starlet nazo za mkono zipo, nyepesi, na baadhi ya fundi watakwambia ni gari bora kabisa ya kujifunzia. Mimi nakubaliana nao.

Ist sasa. Hapa ndipo nacheka. Ist ilitoka Japani mwaka 2002, oto tu, ukimsikia mtu anakwambia ana Ist ya Japani yenye klachi ya kiwandani mwombe akuonyeshe. Lakini gari hiyohiyo iliuzwa Marekani kwa jina la Scion xA mpaka mwaka 2006, na kule ilikuwa na gia 5 za mkono kama kawaida, oto ndiyo ya kuongezea hela! Yaani Mmarekani tunayemcheka hajui klachi alipewa Ist ya klachi, sisi tukapewa ya oto. Usukani wake uko kushoto kwa hiyo usianze kuota kuagiza.

Nyingine ya Marekani ni Toyota Voltz. Hii wengi hawaijui, ni kama Corolla iliyonyanyuliwa. Ilitengenezwa Fremont, California, kwenye kiwanda cha NUMMI ambacho kilikuwa cha ubia wa Toyota na General Motors. Kwao iliitwa Pontiac Vibe. Ikawekewa usukani wa kulia ikapelekwa Japani kuuzwa kuanzia 2002 hadi 2004, na ndiyo maana huku kwetu Voltz inakuja kama mtumba wa Japani ingawa amezaliwa Marekani. Ile Voltz ya kawaida ina injini ya 1ZZ na oto ya gia 4. Lakini ipo Voltz Z yenye injini ya 2ZZ, na hiyo unaweza kuikuta na gia 6 za mkono. Gia sita! Ni adimu, na spea zake za klachi si za kuokota kila duka la Gerezani, kwa hiyo kama wewe ni mtu wa mayai kama mjomba achana nayo. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2010 na baadaye kikawa cha Tesla, ambao gari zao hazina klachi wala namba 2. Kiwanda hichohicho huko nyuma kilikuwa kinatengeneza Chevrolet Nova ya mwaka 1985 na baadaye Geo Prizm, zote ni ndugu wa Corolla zetu chini ya jina la Kimarekani, na zilikuwa na gia 5 za mkono.

Utajuaje gari unayouziwa ilizaliwa na gia gani? Usimuulize dalali. Fungua boneti utafute kibati cha Toyota (kwenye nyingine kipo kwenye nguzo ya mlango). Kuna sehemu imeandikwa TRANS/AXLE. Ukiona C50 hapo, gari ilizaliwa ya mkono. Ukiona A132L au A245E, ilizaliwa oto, na kama ndani kuna pedeli 3 basi ujue imefanyiwa upasuaji. Angalia pia herufi baada ya kistari kwenye namba ya modeli. Kwa Corolla nyingi herufi ya tatu ndiyo ya gia, M ni mkono wa gia 5, P ni oto ya gia 4. AEM ni mkono, AEP ni oto. Mimi nimeshamuumbua dalali mmoja Boko kwa herufi hiyo moja tu, akahamia kwa mteja mwingine.

Sasa upasuaji wenyewe. Kubadili oto kuwa mkono inawezekana, tena kwa AE100 inawezekana vizuri kwa sababu C50 ilitengenezwa kwa ajili ya injini hiyohiyo. Ila mafundi wengi wanakutajia bei ya giaboksi na klachi tu. Ukweli unahitaji na flaiwili ya mkono (ile sahani nyembamba ya oto haifungi klachi), seti ya pedeli, silinda za klachi ya juu na ya chini au waya wa klachi kwa gari zinazotumia waya, fimbo ya gia na waya zake, mikono ya kushikia giaboksi, na mara nyingine shafti za matairi. Swichi ya taa ya rivasi nayo. Dawa yake ni kununua vyote kutoka kwenye gari moja iliyokatwa, si kuokota kimoja kimoja. Kwa mjomba vilitoka kwenye gari tatu tofauti. Klachi ikaanza kuteleza ndani ya siku nne, na kwa sababu oto yake ya zamani ilikuwa ile ya E, kompyuta ikawa inatafuta giaboksi ambayo haipo na taa ya injini haizimiki.

Tuje kwenye kuruka. Gari ya oto ina swichi kwenye giaboksi inayoruhusu stata ipige ukiwa P au N tu. Ukiitoa oto, waya za swichi hiyo zinabaki zinaning'inia na stata haipigi kabisa. Fundi afanyeje? Anazisokota pamoja. Stata inapiga, mteja anafurahi, anaondoka. Kuanzia hapo hakuna kitu kinachozuia gari kuwaka ikiwa ndani ya gia. Gari nyingi za mkono za karibuni zina swichi kwenye pedeli ya klachi, usipokanyaga stata haipigi. Kuiweka ni kazi ya fundi umeme ya saa moja hivi, waya zilezile mbili zinapelekwa kwenye pedeli. Ukiwa na gari iliyobadilishwa fanya jaribio hili: mahali pa wazi, hakuna mtu mbele wala nyuma, hendibreki juu, gia kwenye fri kabisa, usikanyage klachi, washa. Ikiwaka basi haina ulinzi.

Na kabla hujakubali upasuaji ulizia kwanza bei ya giaboksi ya oto iliyotumika ya modeli yako ileile. Inafunga palepale, pedeli hazibadilishwi, waya hazikatwi. Mjomba hakuna aliyemwambia. Mimi si mpinzani wa mkono jamani. Nilipomaliza kidato cha nne nilijifunzia kwenye oto ya jirani, nikapata kibarua cha kuendesha kirikuu ya kubeba maji, ikanizimikia mara tatu wakati wa kuingia barabara kuu, tajiri akachukua ufunguo palepale. Kazi nyingi za udereva huku kwetu, kirikuu, Hiace, Fuso, zinataka mguu wa kushoto. Ndiyo maana nasema jifunze klachi, ila jifunzie kwenye gari iliyozaliwa nayo.

Mjomba alirudi kwa yule fundi, akaambiwa kosa ni la mtoto. Tukatafuta fundi umeme mwingine akaweka swichi kwenye pedeli, na seti ya klachi ikanunuliwa upya. Gari inaenda sasa, taa ya injini bado inawaka. Ufunguo mjomba anautembeza shingoni kwa kamba, hata msikitini anaenda nao. Ukuta wa banda haujajengwa, tumeziba kwa bati.