Kutokula, Kutosoma, Kutokusoma: Historia Fupi ya Kitenzijina Kikanushi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, je, umewahi kukosoa au kukosolewa kwa neno "kutokusoma"? Katika shule moja huku Nyamira nililikata kwa wino mwekundu. Mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, mbona kutokula ni sahihi?" Sikuwa na jibu. Historia inalo.

Edward Steere, aliyechapisha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, alihusisha -to- na kitenzi kutoa: kutoa kupenda kulifupishwa kuwa kutopenda. Hivyo basi, mwanzoni palikuwa na ku- mbili. Vitenzi vingi viliiacha ya pili: kutosoma, kutocheza. Vya silabi moja viliihifadhi, kwa kuwa mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, nayo -to- haiubebi: kutokula, kutokuja, kutokuwa. Kwenda na kwisha vikafuata njia hiyo: kutokwenda, kutokwisha.

Kiunguja kilipoteuliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, maumbo haya yaliingia shuleni pamoja nacho. Hata hivyo, umbo refu halikufa; waumini wengi wanalijua neno kutokuamini. Kutokusoma, basi, ni umbo kongwe wala si ujinga. Kasoro yake ni utata: kutokupenda ni kutopenda tu, au ni kutokupenda wewe? Ndiyo maana katika mtihani kutosoma ni salama zaidi.

Huku Gusii tuna sababu ya kuwa makini. Ekegusii husema okogenda. Mzizi wake ni -genda. Kiswahili kiliipoteza konsonanti hiyo, kikabaki na -enda, mzizi mfupi unaoegemea ku-. Mwanafunzi wetu haoni haja ya egemeo hilo, akaandika kutoenda. Umbo hili limeenea, lakini kutokwenda ndilo linalofuata kanuni.

Kosa halisi liko kwingine. Anayefikiri kwa Kiingereza huandika, "Nilimwambia kutokuja." Kiswahili hudai dhamira tegemezi: "Nilimwambia asije." Vilevile, "kuto soma" haliandikwi kwa maneno mawili, na "kusisoma" si neno.

Mwalimu, kabla ya kukata, uliza neno limetoka wapi. Mimi siku hizi huandika "kutosoma" pambizoni, kisha humweleza mwanafunzi sababu. Yule aliyeniuliza alistahili maelezo hayo kabla ya kunyimwa alama.