Si kila mshale hufaa kila upinde

UPINDE wa Wahadzabe, jamii ya wawindaji waishio kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, huonekana kuwa kifaa rahisi: fimbo iliyopindwa na uzi. Hata hivyo, kuuvuta hadi mwisho huhitaji nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 30 hivi, na nguvu hiyo haitumi vyema kila mshale.

Sababu ni kwamba mshale hauondoki ukiwa umenyooka. Upote, yaani uzi wa upinde, unapousukuma kwa nyuma, uti wake hupinda, hupita ubavuni mwa upinde, kisha hupinda upande wa pili kabla ya kutulia angani. Uti mgumu kupita kiasi haupindi vya kutosha, na mshale huenda kushoto mwa shabaha. Ulio laini mno huenda kulia. Hayo ni kwa avutaye kwa mkono wa kulia na kulaza mshale kushoto mwa upinde. Kwa mwenye shoto mambo hugeuka.

Uti mrefu hupinda kwa urahisi kuliko mfupi, na chembe nzito huuzidishia kupinda. Kwa hiyo ulio laini hupunguzwa urefu, na ulio mgumu hukwanguliwa taratibu. Anayeondoa ncha nyepesi na kuweka chembe ya chuma asishangae mshale uleule ukibadili njia.

Wahadzabe hunyoosha uti kwa kuupasha moto na kuushika kwa meno, jambo ambalo wageni hulitazama kwa mshangao. Ndege na wanyama wadogo huwapiga kwa ncha za mti. Wanyama wakubwa hupigwa kwa chembe za chuma, baadhi zikiwa zimepakwa sumu ya mimea kama Adenium. Baadhi ya chembe hizo hufuliwa na wahunzi wa Kidatoga, nao Wahadzabe huzipata kwa kubadilishana na vitu kama asali na nyama. Mshale ukienda upande na kupotelea vichakani, kilichopotea si kitoweo peke yake.

Upinde nao hurekebishwa. Upote ukilegea humchapa mpigaji mkononi. Ukikazwa mno, umbali wa kuusukuma mshale hufupika na kasi hupungua. Upote wa kano za wanyama hulegea kwa unyevu, na dawa yake ni kuusokota zaidi ili ufupike. Pande mbili za upinde zikipinda kwa tofauti, hukwanguliwa ule ulio mgumu. Kuugusa ulio laini ni kuuharibu upinde.

Mwaka 2011, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi ambamo hukata miti hiyo na kuwinda. Lakini mashamba na mifugo vimezidi kuyasogelea mawindo yao, na wanyama wakubwa, wanaostahili mshale wa chuma, hawapatikani kwa urahisi kama zamani.