Mkalimani si Hisani: Viziwi wa Kanada na Dola 150,000

Kama umekulia Toronto kwenye nyumba ya Waswahili, unaijua ile kazi isiyo na mshahara: kumtafsiria mama kwa daktari. Una miaka tisa, unahangaika kutafuta Kiingereza cha "kizunguzungu", mama anakutazama mdomoni. Wengi wetu tuliiona kazi ya nyumbani tu, kama kuosha vyombo. Viziwi wa nchi hii walikataa kuiona hivyo. Walisema mkalimani hospitalini ni haki, wakapigania neno hilo mpaka Mahakama ya Juu.

Safari ilianzia mbali. Ontario ilifungua shule ya viziwi Belleville mwaka 1870, na jina lake la kwanza lilibeba neno "bubu". Tusiwacheke. Sisi wenyewe majumbani bado tunamwita kiziwi bubu, kana kwamba anayeongea kwa mikono haongei. Miaka kumi baadaye, 1880, walimu walikutana Milan, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, wakaazimia kwamba mtoto kiziwi afundishwe kwa kutamka na kusoma midomo. Kwa vizazi kadhaa, shule nyingi za Ulaya na Amerika zikapiga marufuku lugha ya alama darasani. Babu zetu waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama shuleni wangeielewa hadithi hii haraka sana.

Septemba 1990, wapiga kura wa York East, hapa hapa Toronto, walimchagua Gary Malkowski wa chama cha NDP. Kiziwi. Kanada haikuwahi kuwa na mbunge kiziwi. Alihutubia Bunge la Ontario kwa alama, na mkalimani akaingia ukumbini, mahali ambapo asiye mbunge kwa kawaida hakanyagi. Mwaka 1993 ikapita sheria iliyoruhusu lugha ya alama ya Kimarekani, ndiyo inayotumika hapa, na ile ya Quebec, zitumike kufundishia shule za Ontario. Malkowski alipoteza kiti 1995. Sheria ikabaki.

Kesi yenyewe ilitoka British Columbia, inaitwa Eldridge. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mama kiziwi aliyejifungua mapacha kabla ya wakati, bila mkalimani. Nesi alimwonyesha kwa ishara kwamba mapigo ya moyo ya mtoto mmoja yameshuka. Watoto walipozaliwa wakaondolewa mara moja, naye akaandikiwa kikaratasi kwamba wako salama. Basi. Hakuambiwa zaidi ya hapo.

Chama kilichokuwa kikitoa wakalimani bure kiliishiwa pesa mwaka 1990, na serikali ya jimbo ikagoma kulipa. Sasa sikia hesabu: wakalimani wa jimbo zima wangegharimu kama dola 150,000, yaani asilimia 0.0025 ya bajeti ya afya. Oktoba 1997 majaji wote walikubaliana: matibabu bila mawasiliano si matibabu sawa, na serikali imevunja Katiba.

Nyumbani nako hawakulala. Uganda ilimpata mbunge kiziwi, Alex Ndeezi, mwaka 1996. Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Ontario haijafika huko, tukisema ukweli.

Ila kuna jambo ambalo familia zetu hulikuta huku zikiwa tayari ziko kwa daktari. Lugha ya alama si moja duniani. Andrew Foster, kiziwi Mmarekani mweusi, alianzisha shule nyingi Afrika kuanzia 1957 mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege Rwanda 1987, na alama za Kimarekani zilisambaa naye, hasa nchi zinazosema Kifaransa. Kwa hiyo kiziwi aliyetoka shule ya namna hiyo huenda akaelewana kidogo na mkalimani wa Toronto. Aliyesoma Kenya ana lugha nyingine. Aliyekulia kambini bila shule huenda ana ishara za nyumbani kwao tu, na hapo huitwa mkalimani ambaye naye ni kiziwi, afanye kazi bega kwa bega na yule anayesikia. Huyo hupaswa kuombwa mapema, siku ya kupanga miadi. Ukimpigia simu daktari kwa niaba ya shangazi, usiseme tu "ni kiziwi." Sema anatumia alama za wapi.